Nyayo za kinga kwenye simu: zinaonyesha njia, lakini haziseme kama njia iko salama

Kila mutu mwenye anatembeza kinga huku kwetu (baiskeli, kwa wale wa mbali) iko na ramani yake kichwani. Mubebaji mwenye anatoka Masereka na viazi anajua ni mulima gani atasukuma, ni wapi maji ya kunywa inapatikana, ni burbie gani itamukamata kama mvua ilinyesha usiku. Ramani hiyo haijaandikwa popote. Siku akiacha kazi, inabaki nyumbani pamoja naye, na kijana mwenye anaanza inafaa ajifunze upya kwa magoti yake.

Sehemu zingine za dunia, watu wa kinga wameanza kuandika ramani hiyo bila hata kujua kama wanaandika. Simu iko mufukoni, inahesabu kila kona, na wakifika wanaitupa safari yao kwenye intaneti. Mwingine mwenye hajawahi kupita kule anaangalia mahali wenzake walipita wengi, naye anapanga njia yake. Programu yenye inajulikana sana kwa kazi hiyo inaitwa Strava, ilianza Marekani mwaka wa 2009. Iko zingine: Komoot ya Ujerumani, na zile za kupakua bure kama OsmAnd na Organic Maps. Vijana wa Butembo na Beni wenye simu za Android wanazijua. Ulizo ni hili: je, mambo hayo yanaweza kusaidia mutu mwenye anatoka Lubero kwenda Butembo na mizigo ya kilo 100? Jibu letu ni ndiyo, lakini kuna mambo ya kuelewa kwanza, na moja kati yao inaweza kumupoteza mutu maisha.

Simu inajua namna gani mahali uko

Watu wengi wanafikiri GPS inakula mega. Haikule. Ndani ya simu kuna kitu kidogo chenye kinapokea sauti za setelaiti zenye zinazunguka juu ya dunia, kama vile redio yako inapokea sisi. Redio haikulipishe unite juu ya kusikiliza; GPS vilevile. Simu ikisikia setelaiti nne ao zaidi, inapiga hesabu ya mahali iko. Chenye kinakula mega ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo unaweza kuipakua mara moja pahali penye kuko wifi, kisha ukatembea wiki nzima bila rezo.

Ukiwasha programu ya kuandika safari, inaweka alama moja kila sekunde chache: mahali, urefu wa pale, na saa. Alama hizo zikifuatana zinakuwa mustari, njo ile tunaita nyayo. Hesabu ni nyepesi. Safari ya masaa 5, alama moja kila sekunde 5, inatoa alama 3 600. Faili yote haifike hata nusu ya mega moja. Kwa hiyo kutuma nyayo kwa WhatsApp ni rahisi kuliko kutuma picha ya harusi. Faili hiyo inaitwa GPX, na karibu programu zote zinaisoma.

Mahali kuko wazi, simu ya kawaida inakosea kwa metre 5 ao zaidi kidogo. Chini ya mikaratusi, ao ndani ya bonde lenye milima pande mbili (na Lubero ni mabonde tu), makosa yanaongezeka. Kwa njia ya kulia ao kushoto hiyo haisumbue sana. Lakini kwa urefu inasumbua, na urefu njo kitu cha kwanza mubebaji anataka kujua.

Mulima hauhesabiwe kwa kilometa

Kati ya Butembo na Beni kuko kilometa 54 hivi, na Butembo iko juu kuliko Beni kwa metre zaidi ya 500. Kati ya Butembo na Lubero centre ni kilometa karibu 45, na ndani ya njia unaruka mustari wa ikweta. Mutu mwenye anasoma namba hizo tu atafikiri njia ya Lubero ni nyepesi juu ni fupi. Mutu mwenye aliisukuma atacheka.

Tuchukue mufano. Tuseme kuko njia mbili kutoka kijiji kimoja kwenda soko moja, zote kilometa 20, na soko iko juu ya kijiji kwa metre 100. Njia ya kwanza inafuata mugongo wa mulima: ukijumlisha kila kupanda, unapata metre 150. Njia ya pili inashuka kwa muto, inapanda, inashuka tena kwa muto mwingine, inapanda, mara tatu ao mara ine: jumla ya kupanda ni metre 500. Kwenye karatasi ni safari sawasawa. Kwenye miguu, mutu wa njia ya pili aliinua magunia yake zaidi ya mara tatu kuliko wa kwanza. Na mitelemuko haimurudishie nguvu zake, juu akiwa na kilo 100 nyuma hawezi kuachilia kinga ikimbie. Anateremuka akishika fren, akivuta kwa nyuma, wakati mwingine amefunga kipande cha pine ya zamani kwenye gurudumu ili kisugue.

Hii njo faida kubwa ya nyayo. Programu inajumlisha kupanda kwote na kukuonyesha kama picha ya meno ya musumeno. Unaweka njia mbili pembeni, unaona ile yenye meno marefu. Lakini, kama tulivyosema, urefu wa simu unatetemeka. Hata ukisimama pahali pamoja ukikunywa chai, simu inaweza kusema umepanda metre 3, umeshuka 4, umepanda 2. Ikijumlisha mutetemo huo wote, barabara ya kutandikwa inakuwa mulima. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kutoamini nyayo za mutu mumoja. Chukua za watatu ao wane wenye walipita njia moja. Ya pili ni kuacha programu itumie urefu wenye ulipimwa kutoka juu. Mwezi wa pili mwaka wa 2000, chombo cha anga cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima milima kwa rada, na vipimo hivyo vinatolewa bure. Milima ya Lubero imo ndani, kila metre 30 kipimo kimoja. Karibu programu zote za ramani zinatumia vipimo hivyo ao vyenye vilitoka kwake.

Kuko kitu kingine chenye nyayo zinasema kwa mutu mwenye anajua kusoma: mwendo. Pahali penye njia imelala na mwenzako alikuwa anaenda kilometa 4 kwa saa, hakuwa amechoka. Kuko matope ao muchanga. Pahali alisimama dakika 20, ni maji, ni shambreri yenye ilipasuka, ao ni barière. Ukikuta watu watano walisimama pahali pale pale, haiwezi kuwa shambreri.

Uangalie pia mutu alikuwa anaenda upande gani na alibeba nini. Nyayo za Butembo–Beni si nyayo za Beni–Butembo, hata kama ni barabara moja. Na kijana wa michezo mwenye kinga ya kilo 10 anaweza kuandika masaa mawili na nusu pahali penye wewe utatumia siku nzima. Masaa yake achana nayo. Chukua kona zake na milima yake tu.

Juu ya nini kwetu ramani iko nyeusi

Mwezi wa 11 mwaka wa 2017, Strava ilitoa ramani ya dunia nzima yenye safari zaidi ya miliare moja za watumiaji wake zilipangwa pamoja. Pahali penye watu walipita wengi, mustari unangaa. Pahali penye hakuna mutu, kunabaki giza. Ulaya inangaa kama muji usiku. Nairobi inaonekana, Kigali inaonekana. Na mwezi wa 9 mwaka wa 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya kinga, mara ya kwanza Afrika. Ukileta macho Kivu ya Kaskazini, unakuta nyuzi chache tu.

Mutu wa mbali anaweza kusema: basi huko hawatembeze kinga. Ni uongo mukubwa. Huku mafuta ya mawese, mbao, viazi, kabichi, makala, vyote vilitembea na vinatembea bado juu ya kinga na chukudu, kabla ya pikipiki kujaa na hata sasa pahali penye pikipiki ni bei kali. Giza la ramani haliseme watu hawapite. Linasema wenye wanapita hawana simu ya bei, ao wako nayo lakini betri haitafika jioni, ao hawaone faida ya kujiandika. Kuko pia kanuni moja: tangu mwaka wa 2018, ramani hiyo inaficha njia zenye zilipitwa na watu wachache. Kwa hiyo hata kama wewe na ndugu yako mukiandika kila siku kutoka Kipese, njia yenu inaweza kukosa kuonekana.

Hapa njo kuko mutego wa kwanza. Mutu mwenye anapanga njia akifuata kungaa tu, huku kwetu atafuata njia za wachache wenye simu nzuri. Njia ya kungaa ni njia ya wenye walijiandika, na haimaanishe ni njia nzuri kuliko zingine.

Nyayo hazizeeke kwenye simu, zinazeeka barabarani

Mutego wa pili njo wenye tunaogopa sana. Nyayo za mwaka wa 2019 ziko wazi kwenye simu kama za jana. Programu haina rangi ya kusema: tangu siku ile, mambo yalibadilika.

Na huku yanabadilika. Mwezi wa 6 mwaka wa 2024, Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na barabara ya taifa namba 2 kwenda Goma, yenye tulizoea kuita barabara yetu ya chakula, ikakatwa na mustari wa vita ndani ya teritware yetu. Upande wa magaribi, kuelekea Njiapanda na Manguredjipa, njia zenye watu walipita bila kufikiri zilikuwa njia za makimbilio mwaka huo huo wa 2024, wakati ADF waliingia sekta ya Bapere. Upande wa Beni hatuhitaji kukumbusha mutu. Tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014 watu wanauawa kwenye mashamba na njiani. Ukichukua nyayo nzuri sana, zenye mwenzako aliandika kabla ya tarehe hizo, zikakupitisha katikati ya pori juu "ni njia fupi", simu imekudanganya bila kusema uongo hata mumoja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye nyayo za mutu, mbele ya kilometa na mbele ya milima, ni tarehe. Kisha unauliza. Unauliza kwa parking, kwa shefu wa lokalite, kwa mama mwenye alitoka kule asubuhi na kabichi. Nyayo za miezi mitatu zinaweza kukuambia kona na mulima. Za leo zinabaki kwenye kinywa cha watu.

Wewe pia unaacha nyayo

Sasa tugeuze upande. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2018, mwanafunzi mumoja wa Australia alikuwa anaangalia ramani ile ya kungaa, akaona mizunguko midogo ya mwangaza katikati ya jangwa, penye hapakuwa muji. Walikuwa waaskari wageni wenye wanakimbia asubuhi kuzunguka kambi yao na saa ya michezo mukononi. Kambi zenye zilipaswa kujificha, Siria, Afganistani na kwingine, zikaonekana na dunia nzima. Hakuna mutu aliiba siri; wao wenyewe waliichora kwa miguu. Nchi ya Marekani ikabadilisha kanuni za waaskari wake juu ya vyombo hivyo mwaka huo huo.

Huku, tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 tuko chini ya état de siège. Kijana mwenye anakamatwa kwa barière na simu yenye inaonyesha mustari unapita pembeni ya posisyo, unasimama, unaendelea, atafasiria nini? Hata kama alikuwa anapima milima, mutu mwenye bunduki hakusoma makala hii. Tunasema wazi: usiandike karibu na pahali pa waaskari wa upande wowote, na kama nyayo zako zilipita pale, kata kipande hicho mbele ya kutuma kwa mutu.

Na si waaskari tu. Nyayo zenye zinaanza kila siku saa 11 asubuhi pahali pamoja zinasema mahali unalala. Zenye zinarudi kila siku ya soko saa moja ya jioni kwa njia moja zinasema mahali utapita na feza ya mauzo mufukoni. Mwizi hahitaji zaidi. Strava na zingine ziko na pahali pa kuchagua kuficha mwanzo na mwisho wa safari. Usipochagua wewe, programu inaweza kukuchagulia yenye hukutaka. Sisi tunapenda namna nyepesi zaidi: washa kuandika ukishafika barabara kubwa, zima mbele ya kuingia kartie yako. Na usitume siku ile ile. Mulima hautakimbia, ukituma kisha wiki mbili, bado ni mulima ule ule.

Kufanya kazi kwa kikundi

Kuko mufano mumoja wa karibu wenye tunaona unafaa kuliko Strava. Nairobi, kuanzia mwaka wa 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mufukoni, wakaandika njia zote. Mbele ya hapo, njia za matatu zilikuwa kwenye kichwa cha madereva na makonda tu, kama zetu. Mwaka wa 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130, na serikali ya muji ikaipokea. Hawakungoja kila dereva anunue simu ya bei. Watu wachache walipita kila pahali kwa kusudi.

Huku nyumbani kazi ilianza kwa njia ya huzuni. Wakati Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, timu za afya zilikuwa zinatafuta vijiji vyenye havikuwa kwenye ramani yoyote. Watu wa kujitolea, Wakongomani na wageni, wakachora barabara na manyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure yenye kila mutu anaweza kurekebisha, wakiangalia picha za setelaiti. Ugonjwa ulimalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, kisha vifo 2 287. Barabara zenye zilichorwa zimebaki, na OsmAnd na Organic Maps zinazitumia leo. Lakini mutu mwenye anachora akiwa mbali anaona mustari wa udongo; haone kama kilalo kimeoza, wala kama njia inapitika na kinga ao na miguu tu, wala jina lenye wenyeji wanaita pale. Hayo yanatoka kwa mutu mwenye alipita.

Kikundi cha wabebaji 10 hakihitaji simu 10. Moja inatosha, ya mutu mwenye iko na betri nzuri, na alama moja kila sekunde 10 ao 15 ili isikule moto. Ramani ipakuliwe mbele kwenye wifi. Skrini ibaki imezimwa, simu ndani ya sashe juu ya mvua. Mukifika, mukae dakika 10 mbele ya kusahau, mwenye simu aandike pembeni: hapa kilalo, hapa maji, hapa tulisukuma wawili wawili, hapa hapapitike mvua ikinyesha. Maneno hayo ni ya bei kuliko mustari wenyewe. Kwa nyayo zenyewe, OpenStreetMap inakubali ufiche jina lako na mupangilio wa alama zako, na tunashauri muchague hivyo. Vilalo, chemchemi, barabara za mashamba, hivyo muweke wazi. Barière na kambi musiweke kabisa: kesho zitakuwa zimehama, na leo zitawaletea matatizo.

Na kabla ya kutuma, muonyeshe muzee mumoja wa kazi hiyo, hata kama hajui kusoma ramani. Mumutajie milima moja moja kwa mufuatano wenye simu iliandika. Pahali atasema "hapana, pale kuko mulima mwingine mwenye mumesahau", murudie kuangalia alama zenu pale. Mara nyingi simu ilikuwa chini ya miti.